Kibao, nyundo na hariri: vitambaa vya magauni kati ya vita viwili vya dunia

Assalaam alaikum, na habari za jioni. Mama zangu wa batiki mliokaa mbele, mafundi cherehani, wanafunzi mliobanana kule mlangoni, ahsanteni kwa kuja. Mwenyeji wetu aliniomba nizungumzie historia ya vitambaa. Nikamwambia historia ya vitambaa haimalizwi jioni moja, hata tukikesha. Kwa hiyo nimekata kipande kimoja tu: hariri ya magauni iliyochapwa kwa mkono, kwa vibao vya mbao, Uingereza na kidogo Ufaransa, tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha mwaka 1918 mpaka vya pili vilipoanza mwaka 1939.

Najua kuna anayejiuliza: sisi na hariri ya Wazungu, wapi na wapi? Humu ukumbini kuna wanaogonga nta kwenye kitambaa kwa mihuri ya mbao, na kuna wanaochapa fulana kwa skrini. Wote wawili mtajiona kwenye kisa hiki, na mmoja wenu atafurahi zaidi ya mwenzake. Maana ninachotaka kusema leo ni kwamba ile mashine kubwa ambayo kila mtu hudhani ndiyo iliyoua kazi ya kibao haikuiua. Kibao kiliishi pembeni yake zaidi ya miaka mia moja. Kilichokuja kukimaliza ni kitu chepesi, cha bei nafuu, ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba kwapani.

Tuanze na hiyo mashine. Mwaka 1783 Mskoti mmoja, Thomas Bell, alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kuchapa vitambaa kwa mitungi ya shaba (roli) iliyochongwa nakshi. Mtungi unazunguka, unachovya rangi, unaikandamiza kwenye kitambaa, na kitambaa kinakimbia bila kusimama. Lancashire yote, jimbo la viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, ikageuka. Karne ya 19 ilipofika katikati, pamba iliyochapwa kwa mitungi ilikuwa imejaa masoko ya dunia, na mchapaji wa kibao wa kitambaa rahisi alikuwa hana kazi.

Lakini hesabu ya mtungi ina upande wa pili. Kuuchonga ni kazi ya fundi stadi kwa muda mrefu, na kila rangi inataka mtungi wake. Gharama hiyo inalipwa kabla yadi moja haijatoka. Ili irudi, lazima uchape maelfu kwa maelfu ya yadi za nakshi ileile. Kanga ilikubali masharti hayo bila shida: miaka hiyohiyo tunayoizungumza, kanga walizojifunga bibi zetu zilikuwa zikitoka Manchester na Uholanzi, na baadaye Japani pia, marobota kwa marobota, na jina likitoka zuri soko zima linataka lilelile.

Gauni la hariri halikubali. Hariri ni ghali tangu haijatiwa rangi. Mwenye duka wa London mwaka 1926 hathubutu kuagiza yadi elfu tano za ua moja, halafu fasheni ibadilike kabla ya Pasaka. Na mteja wake anayelipa pesa hizo hataki kukutana na gauni lake limevaliwa na mwingine kwenye sherehe ileile. Hilo nadhani hamhitaji kuelezwa. Mwenye duka anataka yadi ishirini za bluu, ishirini za kahawia, kumi za kijani, na akiona zimekwenda ataagiza tena. Hapo mtungi wa shaba hauna la kusema. Kibao kinalo. Kikishachongwa, kinachapa gauni moja leo na gauni moja mwakani, kwa rangi yoyote, na kinakaa rafuni miaka hamsini kinakusubiri.

Ndiyo maana hariri ya kibao iliendelea kuwapo. Watu wanapenda kusema iliendelea kwa sababu ya mapenzi ya kazi ya mikono. Mapenzi yalikuwapo, na nitayafikia, lakini kilichoibeba ni oda ndogo.

Sasa kibao chenyewe. Mti uliopendwa ni mpeasi, kwa sababu nyuzi zake zimeshikana na ukiuchonga kwa wembamba haukatiki ovyo. Ubao wa mpeasi ulibandikwa juu ya mbao nyingine, tabaka kwa tabaka, nyuzi zikipishana, ili kibao kisipinde kikilowa na kukauka kila siku. Mistari myembamba sana, ile ya mishipa ya jani au vitone vya katikati ya ua, haikuchongwa kwenye mti, kwa sababu ingevunjika baada ya wiki moja. Walichukua vipande vya shaba bapa na misumari ya shaba, wakavigongomea kwenye ubao vikasimama kwa kimo sawa. Na pale penye eneo pana la rangi, mti mtupu hauchapi vizuri, unaacha mabaka. Kwa hiyo walichonga ukingo tu, wakajaza katikati kwa sufu iliyoshindiliwa, ili ishike rangi na kuiachia kwa usawa.

Kwenye pembe za kibao kuna misumari midogo inayoacha vitone. Mchapaji akiweka kibao mara ya pili, anaoanisha kitone na kitone. Vitone hivyo viwekeni akilini, tutavirudia.

Meza ni ndefu na nzito kupita kiasi, imetandikwa blanketi, juu ya blanketi kitambaa cha kuchafukia, na juu yake ndiyo hariri. Na hariri, mafundi mnaijua, haitulii. Inateleza, inavutika, ukiigusa upande huu inajikunja upande ule. Kwa hiyo hubandikwa au hubanwa kwa pini kwenye kile kitambaa cha chini, nyuzi zikiwa zimenyooka kabisa, maana ikikaa mshazari kidogo tu mwanzoni, mwisho wa yadi nne ua litakuwa limehama inchi nzima.

Rangi ya kuchapia haiwi majimaji. Hariri inanyonya haraka na rangi nyepesi ingetambaa ikafuta nakshi. Inakorezwa kwa gundi, na iliyosifiwa sana kwa hariri ilikuwa gundi ya mgunga, ile inayogemwa Kordofan, Sudan. Koroga mpaka iwe kama uji wa mtoto: ikiwa nzito haipenyi, ikiwa nyepesi inakimbia. Karibu na meza kuna chombo chenye ute mzito, juu yake umetandazwa ungo wa kitambaa, na msaidizi, mara nyingi kijana mdogo, anapaka rangi juu ya ungo huo kwa brashi kila baada ya pigo moja. Mchapaji anagusisha kibao kwenye ungo, anageuka, anakiweka juu ya hariri, anagonga mgongo wake kwa nyundo. Anarudi kwenye ungo. Anageuka tena.

Tupige hesabu kidogo. Chukua kibao cha inchi tisa kwa tisa, kitambaa cha upana wa inchi 36, na gauni la yadi nne. Unahitaji vibao vinne kwa upana na kumi na sita kwa urefu: mapigo 64. Hiyo ni rangi moja. Nakshi ya rangi nne inataka vibao vinne tofauti, kwa hiyo mapigo 256, na kila rangi isubiriwe ikauke kabla ya nyingine. Gauni moja.

Na haijaisha. Hariri iliyotoka mezani haivutii hata kidogo. Rangi zimefifia, kitambaa kimekakamaa kwa gundi. Inatundikwa kwenye sanduku la mvuke, mvuke unaisukuma rangi kuingia ndani ya uzi, halafu inaoshwa kwa maji mengi mpaka gundi yote itoke. Hapo ndipo rangi inafunguka. Ndiyo sababu viwanda hivi vyote vilijengwa kando ya mito.

Mito miwili ya kusini mwa Uingereza inahusika hapa. Wa kwanza ni Cray, kule Crayford, Kent, ambako kampuni ya David Evans ilikuwa ikichapa hariri tangu 1843. Kazi iliyowapa jina ni hariri ya mizizi ya madder, mmea wa rangi nyekundu: wanachapa kwanza dawa ya kushikiza rangi, ambayo haionyeshi sana, kisha kitambaa kizima kinatumbukizwa kwenye rangi, na kila dawa inavuta rangi yake, huku nyekundu, huku zambarau iliyoiva, huku kahawia. Miaka tunayoizungumza, kilichofanya kazi ndani ya pipa la rangi kilikuwa tayari kemikali ya kiwandani inayofanana na ile ya mzizi, maana Wajerumani walikuwa wameshaitengeneza tangu 1868, lakini ustadi ulikuwa uleule. Kitambaa kilitoka na mguso wa pekee, kama kimepakwa vumbi la chaki, na kilikwenda kwenye skafu, tai na nguo za kuvalia chumbani kuliko magauni.

Mto wa pili ni Wandle, kusini mwa London, mahali paitwapo Merton Abbey. Hapo duka la Liberty la London lilichukua kiwanda cha kuchapa mwaka 1904, baada ya kukitumia kwa miaka mingi kama mteja. Karakana za William Morris, mbunifu mashuhuri wa nakshi, zilikuwa jirani, kando ya mto huohuo, nazo zilidumu mpaka 1940. Hariri laini za Liberty za maua madogomadogo zilichapwa Merton kwa vibao, na zikauzwa Regent Street, katika jengo ambalo mwaka 1924 walilijenga upya kwa mtindo wa kale wakitumia mbao za manowari mbili za zamani. Wazungu nao wana mambo. Liberty ndio hao hao wenye pamba ile laini iitwayo Tana, na Tana hiyo ni ziwa la Ethiopia, ndugu zangu wa Kenya, msije mkaudai mto wenu.

Wachapaji wa Crayford na Merton walikuwa wanaume, mafundi wa daraja, waliojifunza kwa miaka kabla ya kuaminiwa na nyundo. Heshima yao ilikuwa kibao kisionekane. Nakshi iungane, usijue wapi pigo moja limeishia na jingine limeanzia.

Wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka hapo, walitokea wanawake waliofanya kinyume chake.

Wa kwanza kwangu ni Phyllis Barron, aliyezaliwa 1890. Alisomea uchoraji. Akiwa bado msichana, kwenye safari ya kuchora huko Normandy, alikutana na vibao vya zamani vya Kifaransa vya kuchapia nguo, vya kazi ambayo wakati huo ilikuwa imeshakufa kwa wengi. Akavipenda, akavichukua. Shida ni kwamba hakukuwa na wa kumfundisha namna ya kuvitumia. Mafundi wa viwandani hawakuwa na kawaida ya kumfundisha binti wa watu siri za kazi. Kwa hiyo akajifungia na vitabu vya kale vya watia rangi, akajaribu jikoni, akaharibu, akajaribu tena. Alianza kwa kutia kitambaa nili halafu kuing'oa rangi kwa asidi ya nitriki pale alipotaka nyeupe. Asidi ya nitriki! Wanafunzi, msijaribu nyumbani.

Mwenzake ni Dorothy Larcher, aliyekuwa amekaa India, akisaidia kunakili michoro ya mapangoni ya Ajanta, na kule akaona watu wanachapa vitambaa kwa vibao kama kazi ya kila siku, bila kuifanya ajabu. Mwaka 1923 wakaungana, wakafungua karakana Hampstead, London. Mwaka 1930 wakahamia kijiji cha Painswick, Gloucestershire, penye nafasi ya kutosha kwa mapipa ya nili.

Rangi zao zilikuwa chache, na hapa mama zangu mtafurahi. Nili. Chuma, yaani kutu iliyoyeyushwa, inayotoa rangi ya ngozi ya ng'ombe, na ikikutana na dawa za miti yenye ukali inageuka nyeusi. Nyekundu ya madder. Na kahawia yao nzuri, ile ya joto, ilitoka kwenye katu. Katu hiihii ya tambuu! Ile inayokaa kwenye kijaluba pamoja na popoo na chokaa na kuacha midomo ya bibi imewiva, walikuwa wakiipika Gloucestershire na kuichapa kwenye hariri ya krepu kwa mabibi wa London.

Nakshi zao ni za kijiometri na za majani, kubwa, zilizotulia, na mara nyingi rangi moja tu juu ya kitambaa. Hawakuficha pigo. Ukitazama hariri yao utaona hapa rangi imeshika zaidi, pale imekosa kidogo, ukingo umemwagika unywele mmoja. Walisema wazi kwa kazi yao kwamba hiyo ndiyo ladha. Wateja walikuwa wachache lakini wenye uwezo: walichapa vitambaa vya jahazi la Duke wa Westminster, lililoitwa Flying Cloud, na vya chuo cha Girton kule Cambridge. Na wao wenyewe walivaa nguo za vitambaa vyao siku zote. Fundi asiyevaa kazi yake mimi humtilia shaka.

Niseme ninachoamini, hata kama kuna watakaonuna. Kwa pamba na kitani, Barron na Larcher hawana mpinzani. Lakini kwa hariri ya gauni, hasa krepu nyepesi inayotembea na mwili, mimi nawapa ushindi wale wanaume wa Crayford na Merton wasiojulikana kwa majina. Hariri inaakisi mwanga. Kila kosa dogo linapiga kelele. Kile kinacholeta uhai kwenye pamba nzito, kwenye hariri mara nyingine kinaonekana kama doa la chai. Hariri inadai mkono ulionyooka, na mkono huo hupatikana kwa miaka saba ya kugonga, si kwa vitabu.

Pamoja na hayo, hawa wanawake walifungua mlango, na wengine wakapita. Enid Marx, aliyenyimwa stashahada na Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, kwa sababu kazi zake zilionekana ziko mbali mno na picha za kawaida, alikwenda kujifunza kwa Barron na Larcher mwaka 1925, na mwaka 1927 akafungua karakana yake mwenyewe. Baadaye ndiye aliyebuni vitambaa vya viti vya treni za chini ya ardhi za London, kwa hiyo watu mamilioni walikalia kazi ya mtu aliyefelishwa. Mwaka huohuo wa 1925 ilianzishwa karakana ya Footprints, ambayo mwishowe ilishikwa na Joyce Clissold. Yeye hakungoja mpeasi. Alichonga linoleamu, ile ya kutandikia sakafu, akaibandika kwenye mbao. Linoleamu inachongeka upesi, inaisha upesi pia, na kwa gauni la msimu mmoja hilo si kasoro. Nakshi zake zilikuwa za mzaha na furaha: watu, wanyama, sarakasi. Aliajiri wanawake wengi, na miaka ya 1930 akawa na maduka yake katikati ya London. Kati ya wote hao, kwa mtazamo wa biashara, Clissold ndiye ningemwajiri.

Angalieni kilichowawezesha. Ni mtaji. Mashine ya mitungi inataka kiwanda, mvuke, wahandisi, na benki. Kibao kinataka meza, kisu, rangi na chumba chenye bomba la maji. Mwanamke wa miaka ile, ambaye mpaka 1928 alikuwa hajapewa kura kwa masharti sawa na mwanamume, angeweza kuanza kwa alichonacho. Na maduka madogo yaliyouza kazi hizi, kama The Little Gallery karibu na Sloane Street, nayo yaliendeshwa na wanawake.

Ufaransa nipite haraka, ingawa wenyewe wangekasirika. Kule wachoraji wakubwa ndio walioingia kwenye hariri. Raoul Dufy, ambaye alizoea kuchonga mbao kwa ajili ya picha, alifanya kazi kwa kampuni ya hariri ya Lyon iitwayo Bianchini-Férier tangu 1912 mpaka 1928. Tembo, farasi, kombe za bahari, waridi kubwa, vyote vina ule ukakamavu wa kisu cha kuchongea. Sonia Delaunay naye, mzaliwa wa Ukraine, alileta pembetatu na miduara na mistari ya kukatakata, akaonyesha nguo zake kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1925. Umbo la gauni la miaka hiyo lilimfaa kila mbunifu: lilishuka wima toka begani mpaka magotini, bila kiuno, bila mikunjo. Kitambaa kilikaa bapa kama kimetundikwa ukutani. Nakshi kubwa ilipata pa kupumua. Ilipofika miaka ya 1930, Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi wa Paris, na waliomfuata wakawa wanakata kitambaa kwa mshazari ili kikumbatie mwili, nakshi kubwa zikaanza kupindapinda vibaya kwenye nyonga, na maua madogo ya kutawanyika yakarudi. Fundi cherehani ndiye aliyeamua, mchapaji akafuata.

Sasa nani alikiua kibao?

Washukiwa ni wengi. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, alitoza ushuru hariri na hariri bandia. Uliumiza, lakini haukuua. Hariri bandia yenyewe, reyoni, iliyotengenezwa kwa rojo la miti, ilishusha bei ya gauni la kung'aa mpaka msichana wa kazi akaweza kulinunua. Hiyo nayo ilipunguza wateja wa hariri, lakini wachapaji wa kibao walikuwa tayari kuchapa chochote kinachoshika rangi.

Muuaji alikuwa skrini. Fremu ya mbao, imewambwa kitambaa chembamba cha matundu, sehemu zisizotakiwa kupita rangi zimezibwa, na mpira wa kusukumia rangi. Lyon waliikumbatia kiasi kwamba njia hiyo ikabeba jina la mji wao, na Waingereza wakaifuata miaka ya 1930. Kitambaa kilichowambwa kwenye fremu hizo kilikuwa, mmeshakisia, hariri. Hariri ndiyo iliyomzika mchapaji wa hariri.

Turudi kwenye ile hesabu yetu. Skrini inafunika upana wote wa inchi 36 kwa mara moja. Tuseme urefu wake ni inchi 24. Gauni la yadi nne linataka misukumo sita kwa rangi moja. Rangi nne, misukumo 24. Kule tulikuwa na 256. Tena skrini haihitaji fundi wa kuchonga mpeasi. Inaandaliwa upesi na kwa gharama ndogo, na inachapa hata alama ya brashi ya mchoraji, jambo ambalo kibao hakiliwezi bila mateso. Oda ndogo, ile ngome pekee ya kibao, ikatekwa. Mtungi haukuweza kuchapa yadi ishirini kwa faida. Skrini iliweza, na kwa nafuu kuliko kibao. Liberty wenyewe waliingiza skrini Merton.

Vita vilimalizia. Hariri ilichukuliwa na serikali, ikawa miavuli ya askari wa anga. Juni 1941 nguo zikaanza kugawiwa kwa kuponi. Barron na Larcher wakasimamisha uchapaji. Larcher alifariki 1952, Barron 1964. Vitabu vyao vya sampuli vimetunzwa Farnham, kwenye kituo cha Crafts Study Centre, na ukurasa kwa ukurasa unaona katu, nili, kutu.

Mtauliza magauni yenyewe yako wapi, mbona makumbusho yana machache. Mengi yalijiua. Hariri mbichi ikichemshwa kuondoa utomvu wake hupoteza mpaka robo ya uzito, na wafanyabiashara wa wakati ule waliurudisha uzito huo kwa chumvi za bati. Kitambaa kikawa kizito, kinaanguka vizuri, kinanong'ona ukitembea. Lakini bati hukaa ndani ya uzi likiula. Baada ya miaka, hariri inapasuka yenyewe kwenye mikunjo, sanduku limefungwa, hakuna aliyeigusa. Mwenye hariri ya zamani nyumbani, ya bibi au ya harusi ya nyanya: msiitundike kwenye hanga. Ilazeni bapa, mbali na mwanga, na msiikunje palepale kila mara.

Naona mwenyeji anatazama saa. Basi njooni hapa mezani. Kuna vipande viwili vya hariri, kimoja cha kibao, kimoja cha skrini, sikuviandika majina. Mikono mikavu tafadhali, na wenye hina mbichi mtazame kwa macho. Tafuteni vile vitone vidogo vya pembeni mwa nakshi nilivyowaambia. Tazameni kama kuna mahali maua mawili yamepandiana kidogo. Tazameni ukingo wa rangi: kibao kikigongwa husukuma rangi nje, ikaacha mstari mweusi zaidi pembezoni. Geuzeni nyuma, maana nyundo hupenyeza rangi. Mkishakubaliana ni kipi ni kipi, mniambie, halafu nitasikiliza maswali. Na mama wa batiki aliyenong'ona kule mbele kwamba muhuri wake bado unamlipa karo za watoto, aanze yeye, atueleze anauza yadi ngapi kwa oda moja.